Historia ya Safu Ndogo Katika Programu za Kompyuta: Funzo Kutoka Kikundi cha Akiba Budondo

Siku ya mgao, kikundi cha akiba cha shangazi yangu hukutana mapema kuliko siku nyingine zote. Wanawake 28 hukaa chini ya mwembe hapa Budondo, Jinja, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile. Kila mmoja ana namba yake, kuanzia 1 hadi 28, na hukaa kwa kufuata namba hiyo. Katikati huwekwa kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu, na funguo zake hushikwa na wanachama watatu tofauti ili pasiwe na mtu anayeweza kukifungua peke yake.

Nilipokuwa mwaka wa pili wa masomo yangu Mbale, niliwaandikia programu ya simu ya kutunza hesabu zao: hisa, mikopo, faini na mfuko wa jamii. Nilijivunia kazi ile. Siku ya mgao ilipofika, nilifungua programu mbele ya wote, na simu ikaganda. Ilikuwa simu ya zamani, ya bei nafuu, kama walizo nazo wengi kijijini. Katibu alisubiri kidogo, kisha akafungua daftari lake na kuanza kusoma: namba 1, namba 2, namba 3. Alipofika namba 28, simu yangu ilikuwa ingali ikizungusha kile kiduara chake. Shangazi hakunikaripia. Aliniambia tu, "Mwanangu, simu yako ina akili nyingi, lakini sisi ni wachache."

Kauli hiyo ilinikaa. Katika insha hii ninakusudia kuonyesha kwamba shangazi, bila kujua, aligusa suala ambalo waandishi wa programu wamelijadili tangu miaka ya 1950: je, njia iliyobuniwa kwa ajili ya vitu vingi inafaa pia kwa vitu vichache? Hoja yangu ni kwamba historia ya jambo hili haikwenda kwa mstari mmoja kutoka njia duni hadi njia bora. Njia ya zamani, ya kupanga vitu kwa safu na kuvipitia, haikuachwa kamwe. Iliendelea kuishi, au ilirudishwa, kila mahali ambapo watu walihesabu gharama zake kwa makini.

Kwanza tueleze maana ya maneno. Katika programu nyingi kuna haja ya kuhifadhi jozi za ufunguo na thamani. Kwa mfano, ufunguo "hisa" una thamani 40, na ufunguo "mkopo" una thamani 100,000. Muundo wa data unaohifadhi jozi hizo huitwa kwa majina mbalimbali. Katika insha hii nitauita kamusi, kwa sababu hufanya kazi ya kamusi: unatoa neno, unapewa maana yake. Swali ni namna ya kuipanga kamusi hiyo ndani ya kumbukumbu ya kompyuta.

Njia nyepesi zaidi ni safu, yaani vitu vilivyopangwa bega kwa bega. Ukitaka kitu, unaanza mwanzo na kupita kimoja kimoja hadi ukipate. Kama vitu ni 8, kwa wastani utatazama 4 au 5. Kama safu imepangwa kwa utaratibu, waweza kuanzia katikati, ukaitupa nusu isiyohusika, ukaenda katikati ya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. John Mauchly, mmoja wa waliobuni kompyuta ya ENIAC, aliieleza njia hii ya kugawa nusu mwaka 1946 katika mihadhara iliyotolewa Philadelphia, Marekani. Kwa vitu 28 hatua hazizidi 5. Kwa vitu 1,000 hazizidi 10.

Njia ya pili ni jedwali la heshi. Mwezi Januari 1953, Hans Peter Luhn, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi IBM, aliandika waraka wa ndani wa kampuni hiyo akipendekeza wazo jipya. Badala ya kutafuta ufunguo kwa kuupitia mmoja mmoja, tuubadilishe kwa hesabu uwe namba, na namba hiyo itwambie uko katika ndoo ipi. Tukienda moja kwa moja kwenye ndoo hiyo, hatuna haja ya kutazama nyingine. Katika kipindi hicho hicho, Gene Amdahl, Elaine McGraw, Nathaniel Rochester na Arthur Samuel walitumia wazo la jamii hiyo walipokuwa wakiandika asembla ya kompyuta ya IBM 701. Uzuri wa heshi ni kwamba hata vitu viwe milioni moja, idadi ya hatua hubaki karibu ile ile, mradi ndoo zitoshe na kanuni ya heshi igawanye vizuri.

Ikumbukwe kwamba wakati huo huo njia nyepesi nayo ilikuwa ikipata heshima yake. John McCarthy alipotoa makala yake kuhusu lugha ya Lisp mwaka 1960, kamusi za lugha hiyo zilikuwa orodha tu za jozi, zilizopitiwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hazikuwa safu kwa maana kamili, kwa kuwa kila jozi ilishikamana na inayofuata kama shanga katika uzi, lakini falsafa ilikuwa moja: orodha ikiwa fupi, kuipitia si tatizo. Donald Knuth, katika juzuu ya tatu ya kitabu chake kikubwa cha sanaa ya kupanga programu, kilichotoka mwaka 1973, alizichambua njia hizi zote kwa hesabu, akionyesha kila moja inagharimu nini.

Mabadiliko makubwa yalikuja pale heshi ilipoacha kuwa chaguo la mtaalamu ikawa mazoea ya kila mtu. Lugha ya AWK, iliyozaliwa mwaka 1977, ilimpa mtumiaji kamusi zilizo tayari. Perl ikafuata mwaka 1987, na huko kamusi zenyewe ziliitwa kwa jina la heshi. Python ya mwaka 1991 ilijengwa juu ya kamusi kiasi kwamba hata majina ya ndani ya programu hutunzwa humo. Java ilikuwa na Hashtable tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1996, na mwaka 1998 ikaongeza HashMap. Kuanzia hapo, mwanafunzi alifundishwa jambo moja: ukitaka kamusi, chukua HashMap. Mimi pia nilifundishwa hivyo, na wala halikuwa fundisho baya. Tatizo ni kwamba tulikariri jibu tukasahau swali lililolizaa.

Swali lenyewe lilihusu vitu vingi. Jedwali la heshi lina gharama ya kuanzia, ulipe kwa kitu kimoja au kwa milioni. HashMap ya kawaida ya Java, inapoanza kujazwa, hutenga nafasi 16 hata kama una vitu vitatu tu, na hutaka kupanuliwa ikijaa robo tatu. Kila jozi inayoingia huwekwa katika kijisanduku chake peke yake mahali popote penye nafasi, na jedwali hubaki na anwani ya kijisanduku hicho. Kwa hiyo kamusi yenye jozi 5 ni vipande 7 vya kumbukumbu: kamusi yenyewe, jedwali, na vijisanduku 5. Isitoshe, prosesa za siku hizi hazichoti kumbukumbu baiti moja moja. Nyingi huchota fungu la baiti 64 kwa mkupuo. Vitu vilivyo bega kwa bega huja pamoja. Vilivyotawanyika vinahitaji safari nyingi. Kompyuta za Luhn hazikuwa na hali hiyo. Tangu miaka ya 1980, kasi ya prosesa ilikua haraka mno kuliko kasi ya kumbukumbu, na hivyo gharama ya kuruka huku na huko ikapanda kimya kimya bila njia yenyewe kubadilika.

Ndiyo maana miaka ya 2000 safu ndogo ilianza kurudi kwa jina lake. Rich Hickey alipotoa lugha ya Clojure mwaka 2007, kamusi ndogo ndani yake zilikuwa safu ya jozi, ufunguo kisha thamani, ufunguo kisha thamani. Jozi zikizidi 8, ndipo hugeuzwa kuwa heshi. Lugha ya Go, kuanzia toleo la 1.1 la mwaka 2013, ilipanga heshi yake kwa ndoo zenye nafasi 8 kila moja, na ndani ya ndoo ilikuwa ikipitiwa kama safu. Java 8 ya mwaka 2014 ilikubali kwamba ndani ya ndoo moja ya HashMap kuwe na orodha fupi, na orodha hiyo igeuzwe mti pale inaporefuka na kufikia kiwango cha 8. Sababu za kila timu zilitofautiana, na hakuna muujiza katika namba nane. Lakini inaonyesha kwamba watu waliofanya kazi mbalimbali, kwa nyakati zinazokaribiana, walifika jirani na mpaka ule ule: chini ya hapo, pita tu, juu ya hapo, tafuta ujanja.

Mtu anaweza kudhani kwamba ubanaji huu ni wa maskini. Sivyo. Mwaka 2011, wahandisi wa Instagram walihitaji kujua kila picha kati ya takriban milioni 300 ni ya mtumiaji yupi, na walitumia hifadhidata ya Redis. Kwa makadirio yao, kuweka kila jozi peke yake kungehitaji gigabaiti 21 za kumbukumbu. Walipozigawa jozi hizo katika vikapu vidogo vya 1,000, ambavyo Redis iliweza kuvihifadhi kama mfululizo uliobanwa, makadirio yalishuka hadi gigabaiti 5. Naye Raymond Hettinger alipendekeza mwaka 2012 kwamba kamusi za Python zihifadhi jozi zake katika safu iliyoshikana, na kando yake kuwe na jedwali dogo la kuonyesha nafasi. Pendekezo hilo liliingia katika Python 3.6 mwezi Desemba 2016.

Hata hivyo, sura ya historia hii inayotuhusu zaidi sisi wa Afrika Mashariki ni ya simu. Mwanzoni mwa mwaka 2011, simu ya Huawei IDEOS ilikuwa ikiuzwa nchini Kenya kwa takriban shilingi 8,000 za huko. Ilitumia mfumo wa Android, na kumbukumbu yake ilikuwa megabaiti 256. Kwa wengi hiyo ndiyo ilikuwa simu janja ya kwanza kuishika mkononi. Kabla yake, huduma za pesa kwa simu zilikuwa zimekwisha kuenea kwenye simu za kawaida: M-Pesa Kenya tangu 2007 na MTN Mobile Money hapa Uganda tangu 2009. Kwa hiyo watu walikuwa tayari wamezoea kuiamini simu na fedha zao. Kilichobaki ni programu za simu janja kutoshea katika kumbukumbu ile ndogo.

Android yenyewe tangu mwanzo wake ilikuwa na SparseArray, safu yenye funguo za namba tupu. Oktoba 2013 lilipotoka toleo la 4.4, watengenezaji wake walitangaza lengo la kulifanya liweze kwenda kwenye simu zenye megabaiti 512. Katika toleo hilo hilo iliingia ArrayMap, yaani kamusi-safu. Muundo wake ni safu mbili. Ya kwanza ina namba za heshi za funguo, zimepangwa kutoka ndogo hadi kubwa. Ya pili ina funguo na thamani zenyewe, zikipishana. Ukitafuta kitu, unagawa nusu kwa nusu katika safu ya kwanza. Ukipata nafasi yake, unajua pa kuangalia katika ya pili. Vipande ni vitatu tu: kamusi na safu zake mbili, hata jozi zikiwa 5 au 20. Waliouandika hawakuficha udhaifu wake. Maelezo yake rasmi yanasema wazi kwamba haukukusudiwa kwa vitu vingi sana, kwa kuwa kuingiza kitu katikati hulazimu kusogeza vingine. Miaka minne baadaye, Desemba 2017, likaja toleo la Android Go kwa simu zenye gigabaiti 1 au pungufu. Njia iliyoonekana ya kizamani ikawa sehemu ya kazi ya kuifikisha kompyuta kwa mtu mwenye simu ya bei ndogo.

Sasa nirudi chini ya mwembe. Vikundi kama hiki cha shangazi vinafuata utaratibu ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ukaenea sehemu nyingi za Afrika. Utaratibu huo ulibuniwa kwa watu wachache wanaofahamiana, ambao si wote wanaojua kusoma. Ndiyo maana kuna namba na kuna kukaa kwa mpangilio. Katibu haitafuti majina, anaijua nafasi. Nilipolitazama tena daftari lake, niliona safu mbili zilizosimama sambamba: namba upande mmoja, kiasi upande wa pili. Nilikuwa nimesafiri hadi Mbale kujifunza kitu ambacho kilikuwa nyumbani muda wote.

Na mimi nilifanya nini? Kwa kila mwanachama, kwa kila wiki, nilitengeneza HashMap yenye jozi 5. Wanachama 28 kwa wiki 52 ni kamusi 1,456. Kwa kuwa nilitaka kuonyesha uhodari, nilipakia miaka mitatu yote kwa pamoja: kamusi 4,368. Kila moja vipande 7, jumla vipande 30,576, bila kuhesabu funguo na thamani zenyewe. Kwa kamusi-safu, vingekuwa 13,104. Mfumo wa simu, kila ulipotafuta nafasi, ulilazimika kusimama na kuvipitia vipande hivyo ili kujua kipi bado kinatumika na kipi ni taka.

Ni haki nikiri mambo mawili. La kwanza, niliporekebisha programu, sehemu kubwa ya nafuu ilitokana na kuacha kupakia miaka iliyopita, si kubadili kamusi. Kamusi-safu ilisaidia, lakini hakuna muundo wa data unaoweza kumwokoa mtu anayebeba mzigo asiouhitaji. La pili, mwalimu wangu aliniuliza kwa nini nilitumia kamusi hata kidogo, wakati mambo ni matano na yanajulikana. Si ningetengeneza klasi yenye sehemu tano? Nilimjibu kwamba mambo hayabaki matano. Ukitokea msiba, kikundi huongeza safu ya rambirambi. Mwaka mwingine huongeza ada ya mbegu. Alikubali, ila akasema swali hilo lingepaswa kuja kabla ya kuandika mstari wa kwanza, si baada ya simu kuganda. Sina la kupinga.

Kwa upande mwingine, tusije tukaigeuza safu ndogo kuwa jibu jipya la kukariri. Uganda ilipoanza kuandikisha raia kwa wingi kwa ajili ya vitambulisho vya taifa mwaka 2014, majina yalikuwa ya mamilioni. Hapo kupitia daftari ukurasa kwa ukurasa kungekuwa wendawazimu, na kusogeza safu nzima kila anapoongezeka mtu kungekuwa balaa. Luhn alikuwa na haki kwa tatizo lake, na katibu wetu ana haki kwa lake. Kosa ni kulipeleka jibu la mmoja kwa mwingine bila kuhesabu watu waliopo.

Kwa kuhitimisha, historia ya kamusi ndogo za safu inatufundisha namna ya kuisoma historia ya teknolojia kwa jumla. Tumezoea kuisimulia kama ngazi, kila kipya kikipanda juu ya cha zamani. Hapa Jinja tunasimulia hivyo hata historia yetu: bwawa la Owen Falls mwaka 1954, kisha Bujagali mwaka 2012, kila moja likitajwa kwa megawati. Ni mambo makubwa na yanastahili kutajwa. Lakini maisha ya watu wengi hupita katika hesabu za watu 28, jozi tano, wiki moja. Mwandishi wa programu asiyejua kuhesabu udogo huo atawaandikia watu wasiokuwepo, na waliopo watarudi kwenye daftari, tena kwa haki.

Mwaka uliofuata nilirudi na programu mpya. Siku ya mgao shangazi aliketi na simu na katibu akaketi na daftari, wakasoma pamoja, namba kwa namba. Walimaliza sawia, na hesabu zikalingana. Katibu alifunga daftari lake lakini hakulitupa, nami sikumwomba alitupe.